Kuunga Chuma: Kutoka Mivukuto ya Samia hadi Mashine ya Mapigo

Chuma ni mtumishi mwenye nguvu, lakini hakikubali kumtumikia mtu mpaka kishurutishwe kwa moto. Na moto wenyewe ni bwana mwenye hatari: ukipungua, kazi haifanyiki, ukizidi, kazi huharibika. Kwa hiyo historia ya ufundi wa chuma, ukiitazama kwa makini, si historia ya nguvu za mikono tu. Ni historia ya watu waliojifunza kuupima moto.

Msomaji wangu, ukipita mjini Kakamega penye mabanda ya mafundi, utasikia nyundo zikilia na misumeno ikikwaruza, nawe utaona mwanga mkali wa buluu ukimeta na kuzimika. Hapo huundwa milango na madirisha, vitanda vya shule za bweni, mikokoteni ya kubebea maji na vibebeo vya mizigo vya pikipiki. Vijana wengi wa makamo yako huingia katika kazi hiyo, na huenda mmoja wao ukawa wewe. Siku moja utakuwa na fedha mkononi, zako au za mkopo. Mbele yako zitapangwa mashine za kuchomelea za kila namna, na mwuzaji atakusifia moja kuliko zote, mashine ya MIG ya mapigo. Utamjibu nini?

Wazee walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Maana yake ni kwamba mvivu hupoteza asubuhi nzima akilaumu majembe, huku mwenzake amekwisha kulima robo ya shamba. Methali hiyo ni ya kweli, nami sina nia ya kuipinga. Lakini aliye na shamba la mawe akanunua jembe la mchanga, huyo naye hatavuna. Basi na tuifuate historia ya kuunga chuma katika nchi yetu tangu mwanzo, ili tujue jembe hili jipya lilitoka wapi, na ni la shamba gani.

Magharibi ya Kakamega, karibu na Ziwa Victoria na mpaka wa Uganda, kuna vilima vya Samia. Ardhi ya huko ina mawe yenye chuma, na Wasamia walijulikana mbali kwa uhunzi wao. Majembe yao yalibadilishwa kwa nafaka na mifugo, na yalitolewa mahari. Tena ufundi huu katika nchi za kando ya ziwa ni wa kale sana. Huko Urewe, katika Siaya, vilipatikana vyungu vya kale ambavyo Mary Leakey, Louis Leakey na mmisionari W. E. Owen walivieleza katika maandishi yao ya mwaka 1948. Vyungu vya namna hiyo vimeonekana mahali pengi penye mabaki ya uhunzi, na baadhi yake vina umri wa miaka 2000 na zaidi.

Fikiri jinsi kazi ile ilivyokuwa. Mawe yalichanganywa na makaa ndani ya tanuri la udongo, na watu wakavukuta mivukuto kwa saa nyingi bila kukoma. Chuma huyeyuka na kuwa maji kwenye digrii 1535 hivi, na tanuri lile halikukusudiwa kufika huko. Lilichotoa ni bonge lenye matundu kama sifongo, limechanganyika na takataka. Bonge hilo lilipashwa moto tena, likawekwa juu ya fuawe, likagongwa mpaka takataka zikatoka na chembe za chuma zikashikana zikawa kitu kimoja. Huko kushikana kwa chuma na chuma, kwa moto na kishindo, ndiko asili ya kuchomelea. Mhunzi hakuwa na kipima joto. Alitazama rangi: wekundu wa damu, umanjano wa yai, weupe wa jua la mchana. Na mwenye kuvukuta alilazimika kushika mwendo uliopimwa, kwa kuwa pumzi ya mivukuto ndiyo iliyoongeza moto au kuupunguza.

Usidhani kwamba ufundi huu ulikuwa wa kubahatisha. Ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Wahaya huko Bukoba, wazee waliokumbuka kazi ya ujana wao walijenga upya matanuri ya zamani katika miaka ya 1970. Wataalamu wawili wa Marekani, Peter Schmidt na Donald Avery, walishuhudia na kupima. Mwaka 1978 walitangaza kwamba wahunzi wa Kihaya walikuwa wakiingiza mirija ya udongo ndani ya tanuri, hewa ikapata joto kabla ya kuufikia moto, na kwa njia hiyo walipata chuma cha pua. Kumbe wazee wale walikuwa wakiupima moto kwa hekima ambayo wengi hawakuidhania.

Basi kwa nini matanuri ya Samia yalizimika? Reli ilifika Kisumu mwezi wa Desemba 1901, nayo ilileta majembe ya viwanda vya Ulaya, mengi na ya bei nafuu. Hapakuwa na sababu tena ya kukata miti ya makaa na kuvukuta kutwa kwa ajili ya jembe moja. Wahunzi waliacha kuyeyusha mawe, wakaanza kufua vyuma vikuukuu. Mwaka 1930 tawi la reli lilifika Butere. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa karibu na Kakamega, na wageni wakamiminika na mitambo ya kuchimba na kusaga mawe. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulidumu mpaka mwaka 1952. Gari-moshi, lori na mtambo wa mgodi vikivunjika havitengenezwi kwa tanuri la udongo. Palihitajika ufundi mwingine, na vijana wa Kiafrika waliufuata, wengine kwa kubeba vifaa vya mafundi wa kigeni na kutazama, wengine katika shule za ufundi kama ile ya Sigalagala, ambayo leo ni chuo cha taifa cha ufundi.

Ufundi huo mwingine ulikuwa umezaliwa mbali. Katika miaka ya 1880 Nikolai Benardos, wa dola ya Urusi, alionyesha kwamba umeme ukiruka kutoka kijiti cha kaboni hadi kwenye chuma hufanya mwali wa maelfu ya digrii, nao huyeyusha chuma mara moja. Mwaka 1888 mwenzake, Nikolai Slavyanov, aliondoa kaboni akatumia kijiti cha chuma chenyewe, ambacho kiliyeyuka na kujaza pengo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Oscar Kjellberg wa Sweden alikivika kijiti hicho ganda la unga. Ganda likiungua hutoa moshi na ute unaokinga chuma kilichoyeyuka kisiharibiwe na hewa. Hiyo ndiyo rodi unayoiona mikononi mwa mafundi wa Kakamega hata leo. Mashine yake ni rahisi, haiogopi vumbi, na upepo hauisumbui sana.

Kwa rodi hiyo mafundi wetu walijijengea riziki bila kungoja kuajiriwa. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walitoa taarifa juu ya Kenya iliyoonyesha kwamba kazi hizi ndogo, zisizoandikwa katika vitabu vya serikali, zilikuwa tegemeo la watu wengi mno. Watu wenyewe waliziita jua kali, kwa sababu zilifanyika nje, juani. Mwaka 1992 serikali ilitoa waraka wa kuzikuza. Kumbuka neno hilo, "nje", maana tutalirudia.

Sasa tuifikie mashine yetu. Mwaka 1948, katika Taasisi ya Battelle huko Ohio, Marekani, ilitengenezwa njia ya kuchomelea kwa waya mwembamba unaosukumwa na mashine yenyewe bila kukatika, huku gesi ikitoka pembeni mwa waya na kuifunika kazi. Njia hiyo iliitwa MIG, herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya metali na gesi isiyoungana na kitu kingine. Kwanza ilitumia gesi ya bei kubwa, na hasa kwa alumini. Mwaka 1953, huko Urusi ya Kisovieti, ilionyeshwa kwamba gesi rahisi ya ukaa yafaa kwa chuma cha kawaida, na hapo njia hii ikaenea duniani.

Lakini ilikuwa na dosari, na dosari hiyo ilitokana na kipimo cha moto. Umeme ukiwa mdogo, ncha ya waya hugusa kazi, hukatika, na kugusa tena. Cheche huruka, na penye chuma kinene kiungo huweza kukosa kushika. Umeme ukiwa mkubwa, kwa waya wa milimita 1.2 zaidi ya ampea 200, matone madogo hutiririka kama mvua ya rasharasha, na kiungo hutoka kizuri; lakini joto ni kubwa mno, bati jembamba hutoboka, na ukichomelea juu ya kichwa chako au kwenye ukuta chuma hudondoka. Fundi alikuwa kati ya mawili: moto mdogo wenye fujo, au moto mzuri usiozuilika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa kuchomelea nchini Uingereza walipata njia ya tatu. Badala ya kuupeleka umeme kwa nguvu moja, waliupeleka kwa mapigo. Kati ya pigo na pigo, umeme huwa mdogo, wa kutosha tu kuuweka mwali usizimike. Kisha hupanda ghafula, pengine kupita ampea 300, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Tone moja la chuma husukumwa kutoka kwenye ncha ya waya, na umeme hushuka tena. Jambo hili hurudiwa makumi au mamia ya mara kwa sekunde. Kila pigo hutoa tone lake, na kwa kuwa umeme hupumzika katikati, wastani wake huweza kuwa ampea 100 tu. Hivyo fundi hupata uzuri wa moto mkubwa kwa joto la moto mdogo.

Mashine za kwanza za namna hiyo zilikuwa nzito na ngumu kuzirekebisha. Baadaye vifaa vya elektroniki viliziwezesha kupunguka uzito na kufanya hesabu zenyewe: fundi huchagua aina ya metali, unene wa waya na gesi, na mashine hupatanisha mapigo na mwendo wa waya. Ukilitafakari jambo hili, utaona undugu kati yake na yule mwenye mivukuto wa Samia, ambaye naye aliupima moto kwa pumzi, akapiga na kupumzika, kupiga na kupumzika. Tofauti ni kwamba mmoja alihesabu kwa mikono, na mwingine huhesabiwa na mashine.

Sasa nikuhadithie jambo lililotokea katika jamaa yangu. Miaka kadhaa iliyopita mafundi watano wa huku kwetu walikopa fedha pamoja wakanunua mashine ya MIG ya mapigo. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Waliifunga kwenye mtungi wa gesi ya ukaa waliokuwa nao, wakaanza kazi. Cheche ziliruka kila upande, na viungo vikatoka vibaya kuliko vya rodi. Walimlaumu mwuzaji, wakailaumu mashine, mwisho wakaifunika gunia. Miezi ilipita, na deni halikungoja. Muhula ule binti ya mjomba alikaa nyumbani kwa kukosa karo.

Baadaye mwalimu wa ufundi aliwatembelea, akafungua kitabu cha mashine ambacho hakikuwa kimefunguliwa, akauliza swali moja: "Mnatumia gesi gani?" Mapigo hayafanyi kazi katika gesi ya ukaa tupu, kwa chuma cha kawaida yanahitaji gesi ambayo sehemu yake kubwa, asilimia 80 au zaidi, ni argoni. Mtungi ulipobadilishwa, mashine iliimba. Lakini hata hapo taabu haikwisha, kwa maana kazi yao ilikuwa milango na madirisha, na mnunuzi wa mlango hakukubali kuongeza hata shilingi moja kwa ajili ya gesi ya bei kubwa. Waliiuza kwa hasara kwa mtu aliyekuwa akitengeneza makopo ya maziwa ya alumini na vifuniko vya injini. Kwake ilileta faida. Mjomba na wenzake walilipa deni lililobaki kwa rodi ile ile waliyokuwa wameidharau.

Mashine ilikuwa ile ile, mji ule ule. Kilichobadilika ni shamba. Ndiyo sababu nakuomba, kabla ya kununua, ujiulize maswali haya kwa utaratibu.

Kwanza, kazi yangu ni nini? Kwa milango na vitanda vya chuma cha kawaida, rodi au MIG isiyo na mapigo yatosha. Mapigo hustahili gharama yake kwa alumini, kwa chuma kisichoshika kutu, na kwa kazi nyingi zinazotaka viungo safi visivyo na cheche za kusagwa. Pili, gesi nitaipata wapi, kwa bei gani, na mtungi ukiisha nitangoja siku ngapi? Tatu, umeme wangu ukoje? Mashine nyingine hutaka volti 240 za fezi moja, nyingine volti 415 za fezi tatu. Na penye umeme unaopanda na kushuka, uliza kama mashine yaweza kuuvumilia. Nne, mashine yaweza kufanya kazi kwa muda gani bila kupumzika? Ikiandikwa asilimia 60 kwa ampea 200, maana yake ni kwamba katika kila dakika 10 itachomelea 6 na kupoa 4. Tano, ikiharibika, nani ataitengeneza, na vipuri viko karibu? Mashine isiyo na fundi wake ni mzigo wa chuma.

Ukiwa umeinunua, itumie kwa heshima. Soma kitabu chake kabla ya kuiwasha. Safisha chuma mpaka king'ae, na ukaze kibanio cha ardhi mahali pasipo rangi wala kutu. Alumini itaka uangalifu zaidi: yenyewe huyeyuka kwa digrii 660, lakini ganda lililo juu yake halikubali mpaka zaidi ya digrii 2000. Isugue kwa brashi ambayo haijagusa chuma kingine, utumie argoni tupu, na magurudumu ya kusukuma waya yawe na mfereji wa mviringo yasiuponde waya huo laini. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, usikilize. Mapigo yaliyopatana hutoa mvumo mmoja wa kudumu, na yasiyopatana hupasuka-pasuka kama mahindi kikaangoni.

Tena kumbuka lile neno "nje". Gesi ndiyo nguo ya kiungo, na upepo huivua. Ukichomelea juani bila kizuizi cha upepo, kiungo kitajaa matundu ndani, kitang'aa kwa nje, na kitavunjika siku mtu atakapokitegemea. Jenga ukuta au pazia lisiloshika moto. Lakini usijifungie mahali pasipo hewa, kwa kuwa gesi hiyo hufukuza hewa ya kupumua bila kutoa harufu. Vaa barakoa ya kioo cheusi, glavu na nguo nzito, na usimruhusu mtoto akutazame kazini kwa macho matupu. Bati lenye zinki lisafishwe kwanza, maana moshi wake huleta homa.

Narudi kwenye methali yetu. Aliyesema "Mchagua jembe si mkulima" alimsema mvivu, wala hakumsema mwenye akili. Mkulima hodari hulijua shamba lake kabla ya kwenda sokoni, kwa hiyo hana haja ya kuchagua sana. Jembe limfaalo hulitambua mara moja. Wahunzi wa Samia walijua mawe yao na makaa yao. Mjomba wangu alijua mashine imesifiwa, lakini hakujua ilitaka nini, wala kazi yake ilitaka nini, na somo hilo alililipia muhula mzima wa binti yake.

Ewe kijana, huenda usishike kamwe mkono wa mashine ya kuchomelea. Lakini maisha yatakupangia mezani vitu vingi vya kung'aa, na kila kimoja kitakuwa na msifiaji wake. Uliza kwanza kazi yako ni nini, kisha uliza kitu hicho chataka nini ili kikutumikie. Aliyejibu maswali hayo mawili amekwisha kuupima moto, naye aweza kuanza kufua.